Jongoo la Matairi Sita

Siku Jongoo lilipopita sokoni kwa mara ya kwanza, Sumbawanga nzima ilitoka nje. Bodaboda waliwaacha abiria wamesimama, wauza ulezi waliziacha mizani, na kwenye saluni ya Leonia mteja mmoja alichomoka kitini nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima kama jogoo aliyenyeshewa. Gari gani hili, matairi matatu huku na matatu huku, na yote sita yanavuta? Bodi ilikuwa ya gari kuukuu la misheni, ekseli ya nyuma kabisa ilitoka kwenye lori lililokufa zamani, na aliyeviunganisha, fundi Zenon, alikaa kwenye usukani na ovaroli lake jipya kama mtu anayekwenda kupokea komunyo.

Kufika mbele ya saluni, likazima.

"Dada, naomba maji," Zenon alisema, kofia mkononi.

"Ya kwako au ya huyo mnyama wako?"

"Yeye kwanza. Mimi kiu imekatika nilipokuona."

Saluni ikalipuka kwa vicheko. Leonia, sweta jekundu juu, kitenge cha bluu kimemkaa kiunoni mpaka kinasema, akamsukumia ndoo. "Irudishe."

Ndoo ikarudi kesho yake. Mrudishaji ndiye aliyekataa kurudi kwao. Leo kaleta parachichi, kesho kaja kutengeneza mlango ambao haukuwa mbovu, na mvua zilipoanza mtaa mzima ulishamwita shemeji. Simu nazo haziishi: "Mama watoto, umekula?" "Watoto wako wapi wewe?" "Wako njiani, wanasubiri uniambie ndiyo."

Sasa, Jongoo halikuwa la Zenon. Aliyeliagiza ni mzee Mboje, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kule bondeni, upande wa Ilemba, aliyechoka kufungiwa na mvua kila mwaka kama kuku. Safari ya kwanza ya Jongoo ya kubeba watu ingekuwa kuwateremsha wageni na wakwe zake mzee kwenye harusi ya mwanawe. Leonia alishashona gauni, la kijani, mikono ya puto. Alikuwa amelivaa anajitazama kwenye kioo cha saluni simu ilipoita.

"Mpenzi, harusi hii usiende."

"Unasemaje?"

"Baki tu. Nitakueleza."

"Gari limejaa?"

"Halijajaa."

"Kuna mtu hutaki anione?"

"Leonia, mama, nakuomba." Simu ikakatika, na alipopiga tena haikupokelewa.

Dominika, mwenzake wa saluni, hakuwa mtu wa kumeza neno. "Mimi sikutaka kusema. Lakini kiti cha mbele kapewa Jenifer wa duka la spea. Kanunua na viatu."

Leonia akageuka tena kwenye kioo, akalinyoosha gauni.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umelala juu ya mji, wageni wamejipanga nje ya gereji na vikapu na zawadi zao. Jenifer kweli alikuwa mbele, kamaliza poda. Leonia akapita katikati ya watu na gauni lake la kijani, akapanda nyuma, akakaa karibu na mzee Mboje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Leo utacheza mpaka uchoke."

Zenon alimwona kupitia kioo. Leonia alitegemea kuona aibu ya mwanaume aliyekamatwa. Badala yake aliona uso umekauka, midomo imekuwa ya majivu.

"Leonia, shuka."

"Sishuki."

Watu wakaguna, wakacheka, wakaanza kuimba wimbo wa bibi harusi. Zenon akawasha gari.

Uwandani walikwenda vizuri, mashamba ya mahindi yanapita pande zote. Kisha wakafika kwenye kijiteremko, kidogo tu, hata baiskeli isingekiogopa. Likatokea *ka!* chini ya miguu yao, gari likaachiwa, likaanza kukimbia lenyewe. Zenon akasukuma gia kwa mkono wote, ikaingia, gari likatulia. Waimbaji hawakukosa hata neno moja. Lakini Leonia aliyaona macho ya Zenon yakiruka kwenye kioo, hayakumtafuta Jenifer wala mzee mwenye gari. Yalimtafuta yeye.

Hapo wivu wote ukamtoka, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya kuliko wivu.

Zenon alisimamisha gari mahali uwanda unapokatika na barabara inapojitupa bondeni. Chini hakukuonekana kitu, ukungu mtupu. Leonia akashuka, akamvuta pembeni.

"Gari lina nini?"

"Hakuna."

"Zenon. Nimeyaona macho yako."

Akaligeukia gari. "Gia inachomoka. Ekseli ile ya lori haikulingana na hizi mbili. Kwenye tope zinavumiliana, kwenye njia ngumu zinavutana mpaka gia inaruka. Niliijua juzi, nilipolijaribu kwenye mteremko wa kule Pito."

"Na ikichomoka huku?"

Wote wawili walitazama ule mteremko.

"Ndiyo maana hukutaka nije."

"Ningekufa kwa hofu ukiwa humo. Wewe nakupenda."

"Na hawa hawana wanaowapenda?"

Nyuma yao wageni walikuwa wanapiga vigelegele, mama mmoja anagongesha kijiko kwenye sufuria ya zawadi. Zenon akageuka kuwatazama. "Mzee kanisifia mji mzima, Leonia. Kila mtu ananingoja. Nitasemaje?"

"Sema hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. La sivyo narudi kukaa, tushuke wote."

Akaenda, akawaambia. Sauti za wimbo zilikufa moja moja, kama taa zinavyozimwa. Watu walishuka, wengine wanajishika vifua. Jenifer alishuka viatu mkononi. Mzee Mboje alisimama mbele ya Zenon, fimbo imechomekwa ardhini.

"Ng'wanawane, ulitaka kunizika pamoja na wakwe zangu?"

"Nisamehe, mzee. Nilibahatisha roho zenu."

"Hilo tutalizungumza mimi na wewe, harusi ikiisha. Sasa gari langu linatengenezeka au halitengenezeki?"

Zenon akaingia uvunguni palepale, akaifungua propela ya nyuma, matairi mawili ya mwisho yabaki kubiringika tu bila kuvuta.

"Na tope la huko chini?" mtu akauliza.

"Mtasukuma," sauti ya uvunguni ikajibu.

"Nani asukume?" Jenifer akang'aka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile watu wakacheka cheko la kweli.

Mizigo ikabaki ndani, watu wakabaki nje. "Nalijaribu peke yangu," Zenon alisema. Leonia akamwambia, "Simu usikate."

Jongoo likazama kwenye ukungu. Simu sikioni, Leonia alisikia injini inanguruma, mawe yanagonga chini ya bodi, pumzi za Zenon. "Kona ya kwanza... imeshika. Ya pili... imeshika." Kisha mkwaruzo, kisha mtandao ukapotea.

"Zenon? Zenon!"

Mzee Mboje alivua kofia, akaivaa tena. Leonia alipiga, akapiga, mwanamke wa mtandao akamwambia mteja hapatikani, naye akamtukana. Akakaa chini kwenye udongo na gauni lake la kijani.

Kwa mbali sana, ndani ya ule weupe, honi ikalia. Ikalia tena, karibu zaidi. Jongoo likapanda polepole, limepakaa tope mpaka usoni, na Zenon akafungua mlango wa mbele.

"Imeshika mpaka chini. Mzee, wageni wapande." Kisha, kwa sauti ndogo: "Na wewe. Kaa hapa."

Leonia akapanda. Kona ya kwanza aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Zenon kwenye gia, wakaikandamiza wote.

"Leonia, nikuoe?"

"Angalia mbele!"

"Naangalia. Nikuoe?"

Huko nyuma gari zima lilikuwa limetega sikio. "Mjibu basi," mzee Mboje alisema, "tusije tukafa hatujui."

Upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila hewa. Leonia akafumba macho.

"Ndiyo," alisema. "Sasa kanyaga breki."