Diski ya Picha za Hina

"Mumeo mwizi! Tena nalisema mbele ya afande, mumeo mwizi!"

"Paza sauti, Bi Adija! Nusu ya mtaa wa Mtanda bado haijasikia!"

"Alikuja kutengeneza dirisha, akaiona diski, akaondoka nayo. Sasa hivi mwanangu anatazamwa na wahuni wa pwani nzima!"

"Bakari? Bakari ambaye hata kujipiga picha kwa simu hajui? Diski ataila na kisamvu?"

Barazani palikuwa hapapitiki. Waliotoka kuchota maji walitua ndoo, waliotoka kununua mkaa waliusahau mkaa. Katikati ya wanawake wale wawili alisimama Inspekta Salome Rafaeli, na alijua kitu ambacho Hafsa, mke wa Bakari, alikuwa na adabu ya kutokisema: pingu za Bakari zilifungwa na koplo, lakini amri ilikuwa yake.

Kesi yenyewe ilianza Jumatano. Kadija, binti anayepiga picha za shughuli za wanawake, aliwaambia polisi kwamba diski yenye picha za hina ya binti wa Bi Adija imeibwa chumbani mwake. Na shughuli ya hina ya bibi harusi, kila mtu pale anajua, haiingiwi na mwanamume. Siku ya shughuli, miezi miwili nyuma, simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye beseni na kufunikwa kanga. Kamera ilikuwa moja tu, ya Kadija, naye aliapa mbele ya akina mama wote kwamba picha zile hazitaonwa na jicho la mwanamume. Ndipo watu wakajiachia. Bi Adija mwenyewe, mwalimu wa chuo aliyewasomesha Kurani nusu ya wanaume wa mtaa, alitupa mtandio na kucheza mpaka akaanguka mkekani.

Bakari seremala, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa amerekebisha dirisha la Kadija Jumanne. Mgeni mwingine hakuwepo. Alhamisi asubuhi Salome akaagiza aletwe, akaletwa, mchana kweupe, wateja wakitazama, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi zake. Walipekua nyumba, wakapekua karakana. Diski hapana. Hata hivyo Jumatatu alikuwa apandishwe kizimbani.

Leo Jumamosi. Kuna kitu kilikuwa kimemkwama Salome kama mwiba wa samaki, ndiyo maana amerudi.

"Kadija, twende ndani," alisema, akafunga mlango nyuma yao.

Chumba kilikuwa kidogo: kitanda, meza, kompyuta, kamera. Salome alilikagua dirisha. Nondo zilikuwa nzima. Komeo la Bakari halikuwa na mkwaruzo.

"Kamera ilikuwa wapi Jumatano?"

"Hapo mezani, afande."

"Kompyuta?"

"Hapo hapo."

"Na diski?"

"Kando yake."

"Kwa hiyo mwizi aliacha kamera, akaacha kompyuta, akachukua kidude kama kipande cha sabuni."

"Ndiyo, afande."

"Mwizi mwenye adabu sana."

Kadija hakucheka.

"Bi Adija anasema umemzungusha miezi miwili. Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza binti alijibu bila kutazama sakafu. "Programu, afande. Picha za miaka sita nimezirundika zote kwenye katalogi moja, ile orodha ya programu. Elfu tisini na ushee. Ukibofya picha unakwenda kuosha vyombo, ukirudi kaduara bado kanazunguka. Ukiongeza mwanga, uso unakuja kung'aa wakati umeshasahau ulitaka nini. Kuna siku nilihariri picha nne kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri."

"Niwashie niione."

"Diski haipo, afande. Picha halisi zilikuwa huko."

"Katalogi ipo?"

"Ipo."

"Washa."

Kabla Salome hajavuta kiti, kioo kilikuwa kimejaa. Mistari ya picha ndogo ndogo, wanawake wanacheka, viganja vyekundu, mitandio mabegani. Alibofya moja, ikafunguka kubwa papo hapo. Akabofya ya pili. Ya tatu. Pembeni ya kila picha palikuwa na alama ya kuonya kwamba picha halisi haipatikani.

"Mbona inakimbia?"

"Ni… niliizima, nikaiwasha."

"Miezi miwili hukuwahi kuizima?"

Nje Bi Adija alikuwa anamtaja babu yake Bakari.

Salome hakuwa mtaalamu wa kompyuta, lakini alikaa miaka mitatu kitengo cha picha za matukio, na programu za namna ile zilimtesa hadi akazielewa. Alifungua folda ambamo programu huhifadhi nakala ndogo za kutazamia. Akasoma tarehe. Akaisoma tena, si kwa kutoielewa, bali kwa sababu alianza kuona aibu.

"Kadija. Ili programu itengeneze nakala hizi, lazima kwanza iisome picha halisi. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Picha halisi ziko kwenye diski. Diski iliibwa Jumatano. Nakala hizi zimetengenezwa Alhamisi, saa kumi jioni. Ilizisoma wapi?"

Kadija alishika ncha ya mtandio wake.

"Alhamisi saa kumi jioni Bakari alikuwa wapi?"

"Kwenu."

"Sema vizuri."

"Mahabusu, afande."

"Na diski?"

Mtandio ulipanda hadi kufunika macho. "Iko kwa Ahmadi. Fundi kompyuta, pale karibu na kituo cha mafuta. Haikuibwa, afande. Haikuibwa."

Yakamtoka kama matapishi. Kukawia kwa kompyuta kulikuwa kumemshinda. Jumatano asubuhi alimpelekea Ahmadi diski, aanze kuikagua. Hajaingia hata ndani, akamkuta Bi Adija mlangoni: nipe diski ya picha za mwanangu, nimtafute mpiga picha mwingine.

"Ningemwambia nini? Kwamba nimempa mwanamume? Niliapa, afande! Mdomo ukasema imeibwa. Yeye ndiye aliyepiga simu kwenu. Alhamisi mchana nikaipeleka na kompyuta, nimeifukia kwenye kapu la nguo chafu. Ilipopona nikairudisha, diski nikaiacha kule. Ningekirudishaje kitu nilichosema kimeibwa?"

"Na Bakari?"

"Nilidhani mtamuuliza maswali, mtamwachia. Nikaona pingu. Nikajisemea nitasema saa sita. Saa sita ikapita, nikasema alasiri. Kila nilipochelewa, kusema kukazidi kuwa kugumu." Alijifuta. "Usiku namsikia Hafsa ukutani, anawaambia wanawe baba kasafiri."

Salome hakumkemea. Angemkemea kwa mdomo upi?

Ahmadi alipomwona afande alitoa diski kwenye droo kabla hajaulizwa. Ilikuwa imefungwa ndani ya bahasha mbili.

"Ulifanya nini humu?"

"Katalogi alikuwa ameiweka humu humu kwenye diski, afande, na waya wenyewe wa kizamani. Kila kitu kilikuwa kinapita kwenye tundu la sindano. Nikaihamishia ndani ya kompyuta, picha za miaka ya nyuma nikazitengea katalogi yake. Halafu nikaiacha itengeneze nakala ndogo."

"Picha uliziona?"

"Nilipojua ni za hina nilifunika kioo kwa gunia. Wallahi, mashine ilifanya kazi peke yake."

"Nimekuuliza uliziona?"

Kijana alitazama vidole vyake. "Moja. Kabla ya gunia. Ya Bi Adija. Yeye ndiye alinisomesha chuoni. Tangu Alhamisi nikimwona njiani nakata kona."

Salome alijua kucheka si haki, akameza kicheko. Aliandika maelezo yake, akamtaka atie saini, akapiga simu kituoni: Bakari atolewe, arudishiwe mkanda na viatu, aletwe kwa gari hadi mlangoni kwake.

Njiani kurudi alimwambia Kadija, aliyekuwa amefuatana naye, "Taarifa ya uongo ni kosa. Jumatatu saa mbili utakuja kituoni kulijibu. Lakini leo una kazi ngumu kuliko hiyo."

Baraza bado lilikuwa limejaa. Nani aondoke na mambo hayajaisha? Kadija alisimama mbele yao.

"Bakari hakuiba," alisema. "Hakuna aliyeiba. Niliipeleka mwenyewe kwa fundi, nikadanganya."

"Fundi gani?" Bi Adija aliuliza taratibu. "Mwanamume?"

"Mwanamume, mama. Nisamehe."

Bi Adija aliuvuta mtandio mpaka kwenye nyusi. "Kaziona?"

Kadija alimtazama Salome. Salome alitazama mlingoti wa umeme.

"Alifunika kioo kwa gunia," alisema inspekta. "Nimemhoji mwenyewe."

Bi Adija aliipokea diski, akaisokomeza ndani ya kanga. Kisha akageuka, na ile sauti iliyosikika mtaa mzima ikashuka. "Hafsa," alianza. "Hafsa, mwanangu…" Akaishika mikono ya yule mwanamke na kuing'ang'ania.

Gari la polisi lilifika. Bakari alishuka, nguo zimekunjamana, ndevu zimechipuka. Mtu mmoja alipiga makofi, akaona hakuna anayemuunga, akaacha.

Salome alimfuata. "Bakari, nilikosea. Zile pingu hazikuwa na haja."

"Wateja wangu waliziona, afande."

"Najua."

"Basi siku moja upite karakana. Mchana, watu wakiwepo. Tusalimiane, na hilo nalo walione."

"Nitapita."

Bakari aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani kwake. Watu wakaanza kutawanyika, wakiwa na maneno ya kutosha hadi mwezi ujao. Kadija alibaki peke yake kando ya ukuta, nusu hatua kutoka mlango wa jirani zake, hawezi kwenda kwake wala kuja kwao. Ndani ilisikika sauti ya Bakari ikisema jambo kwa upole, kisha sinia la chakula likiwekwa mkekani.

Hafsa alitokeza mlangoni na birika la kunawia. Macho yake yalikuwa mekundu, na hasira ilikuwa bado imo. Alimtazama Kadija.

"Utasimama hapo mpaka lini?" alisema. "Vua viatu, nawa. Na wewe afande, usijifanye unaondoka. Ingieni mle chakula."