Nguzo Mbili Zilizokubaliana

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Sajini wa askari wa hifadhi alishuka kwenye mtumbwi akakanyaga ganda la yai. Akausogeza mguu, akakanyaga jingine. Kisiwa kizima kilikuwa hivyo. Wari, wale ndege weupe wenye mfuko chini ya mdomo, walikuwa wamejenga hapo viota themanini na sita. Alivihesabu mwenyewe wiki mbili zilizopita. Sasa palibaki manyoya, maganda na nyayo za mbwa.

Hakulia. Alihesabu. Viota kumi na kimoja vilikuwa vizima, vyote upande wa mawe. Akahesabu tena, na tena, kisha akazifuata nyayo hadi ukingoni.

Kati ya kisiwa na nchi kavu palikuwa na mgongo wa tope ambao msimu wote wa viota hulala chini ya maji. Leo ulikuwa nje, umelowa, na mbwa walikuwa wameupita huku na huku kama wenye nyumba.

Hapo ndipo jambo lilipoanza kumkera. Ziwa lile lilikuwa na wenyewe wawili, watu wa Juu na watu wa Chini, ambao baada ya miaka ya kutupiana maneno walikubaliana kulitunza pamoja. Kila upande uliweka nguzo yake ya kupimia maji, ya saruji, yenye namba kuanzia sifuri hadi mia mbili, sentimita kwa sentimita. Kila asubuhi saa moja msomaji wa kila upande alisoma ya kwake, na daftari zikalinganishwa. Maji yakishuka chini ya sitini, watu wa Juu hufunga lango la mfereji wao wa kumwagilia hadi makinda yaruke. Mgongo wa tope hauonekani mpaka maji yafike arobaini. Na daftari la jana la Chini lilisema sitini na nane na nusu.

"Mbwa hasomi daftari," Sajini alijisemea. "Kuna mtu kaandika uongo."

Ufukweni alimkuta Mwalimu, mratibu wa ushirikiano ule, ameshika chupa ya chai bila kuifungua. Ndiye aliyemfundisha Sajini darasa la tano, akamfundisha na majina ya ndege. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Nimesikia," alisema. "Mwanangu, tusilikuze jambo hili. Wiki ijayo wenzetu wa maziwa manne wanakuja kutia saini ya kujiunga nasi. Ndege ni hawahawa, wanalala kwetu na kula kwao. Mzee Nusu macho yamechoka. Astaafu kimya kimya, yaishe."

"Nitamuuliza kwanza, Mwalimu."

Mzee Nusu, msomaji wa nguzo ya Chini, alikuwa keshafungiwa stoo ya ofisi na mwenyekiti wake mwenyewe. Jina la Nusu alilipata kwa sababu hakuwahi kuandika namba kavu. Saa mbili na dakika kumi Sajini alikaa mbele yake juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Mzee wangu, jana ulisoma ngapi?"

"Sitini na nane na nusu."

"Ulikwenda nguzoni, au ulisomea kitandani?"

Mzee alimtazama kama aliyetukaniwa mama yake. "Miaka kumi na tisa naingia majini hadi kiunoni! Juzi tu nilikwenda na homa. Nenda kasome mwenyewe, ukikuta nimeongeza hata nusu, nifunge."

"Mwenyekiti wako anasema jioni unakwenda polisi."

"Polisi nitakwenda," mzee alisema, na sauti ikamkatika. "Ila wajukuu wangu wasiambiwe babu yao ni mwongo. Hilo siliwezi."

Sajini akaahidi kitu ambacho mpelelezi hatakiwi kuahidi. "Ifikapo saa kumi jina lako litakuwa safi," alisema.

Saa tatu kasoro robo alikuwa kwenye nguzo ya Chini. Maji yaligusa namba sitini na nane. Mdiria, ndege mvuvi, alikaa kileleni, juu ya sehemu nyeupe isiyo na namba, akimtazama kwa dharau. Basi Nusu alisema kweli. Sajini akaitikisa nguzo kwa mabega yote mawili, haikucheza. Kama haikuzama wala haikung'olewa, mgongo wa tope ulitokaje nje?

Alivuka ng'ambo. Nguzo ya Juu ilisema sitini na nane. Msomaji wa huko alikuwa kijana asiyesalimiana na Nusu hata njiani. Wawili hao wasingekula njama hata ya kuchemsha chai. Nguzo mbili, watu wawili wasiopendana, namba moja.

Akabaki mtu mmoja mwenye sababu. Mama Vitunguu, mwenyekiti wa Juu, alikuwa na ekari sita zinazokunywa maji ya mfereji. Alipatikana saa nne na nusu kwenye banda la kupakia, akifunga magunia na kufoka kwa pamoja.

"Najua umekuja kuniuliza nini," alisema. "Lango limefunguliwa, ndiyo. Maji yako sitini na nane, kwa nini nilifunge?"

"Mwaka jana ulilifunga wiki tano."

"Na vitunguu vyangu vikakauka nikiviona! Nilisema mkutanoni, mbele ya watu, jambo hilo likirudi tena tunajitoa. Nilisema kwa hasira. Lakini sikuchezea kipimo, mwanangu. Nguzo ya Chini hata kuigusa siruhusiwi, kama wao wasivyoruhusiwa kugusa yetu. Ndiyo masharti."

Ukutani nyuma yake palikuwa na picha ya siku ya kwanza ya ushirikiano. Mama Vitunguu, kijana zaidi, alikuwa ameweka mkono juu ya kilele cha nguzo, na mkono mwingine ameuinua kwa kamera akicheka. Kiganjani palikuwa na madoa meusi.

"Hayo ni nini?"

"Rangi!" Mama akacheka tena licha ya hasira zake. "Ilikuwa mbichi. Nilishika kilele, mia mbili ikanichapa vidole. Wiki nzima wananiita Mama Mia Mbili."

Sajini aliisogelea picha. Mia mbili ilikuwa ukingoni kabisa mwa kilele, imegusana na vidole. Akamkumbuka mdiria na ile sehemu nyeupe aliyokalia.

"Mama, niazime kijiti kirefu," alisema, na miguu ilishaanza kukimbia.

Saa sita na robo aliingia majini kwenye nguzo ya Juu, kwa sare na viatu. Nguzo zile zilijengewa kitako cha saruji, na sifuri ilianzia juu ya kitako. Alikisimamisha kijiti juu ya kitako, akakikata alama usawa wa maji, akakipima kwa futi ya fundi. Thelathini na nane. Alipapasa kwa vidole penye kitako kutafuta sifuri, akaikuta namba iliyoandikwa kwa rangi nene: thelathini. Nguzo haikusogezwa. Namba ndizo zilizoshushwa.

Alivuka tena, akaipima ya Chini. Vilevile. Ukitoa thelathini kwenye daftari, kwa wiki tatu lango lingepaswa kuwa limefungwa, na kwa wiki tatu nguzo mbili zilidanganya kwa sauti moja.

Saa nane alimkuta fundi wa rangi, wa pekee pale ziwani, juu ya ngazi, akiandika bango la duka la viatu.

"Nguzo ulizipaka lini?"

"Mwezi wa ukame, maji yamekauka hadi kitakoni. Wasomaji wote walikuwa likizo."

"Mbona hukuanzia kileleni?"

"Niliambiwa niache nafasi juu, ndege wasinye kwenye namba." Akafuta brashi. "Nikauliza kiasi gani. Akanipa kipimo, akasema acha hiki kimoja. Bado ninacho, sijamrudishia."

Akaingiza mkono kwenye mkoba wake. Sajini alipokiona kile kipimo hakuuliza kilitoka kwa nani. Alikijua tangu ana miaka kumi na mmoja. Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa kwa dakika nzima, na dakika hiyo ilimuuma kuliko asubuhi yote kule kisiwani. Kisha akainuka, maana ahadi ni deni.

Saa kumi kamili ofisi ya ushirikiano ilijaa. Watu wa Juu walikaa dirishani, wa Chini mlangoni, na katikati Mwalimu na mafaili yake. Nusu aliletwa akiwa ameshikwa mkono, kofia yake mfukoni.

"Nina swali moja kwa wenyeviti," Sajini alisema. "Mama, ni mtu gani wa nje ungemruhusu aguse nguzo yenu?"

"Hakuna," Mama Vitunguu alijibu. Akafikiri. "Labda Mwalimu."

"Na ninyi wa Chini?"

"Mwalimu," alisema mwenyekiti wa Chini, taratibu, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Mwalimu tu."

Sajini akaweka mezani kijiti chenye alama, kisha rula ya mbao ya darasani, sentimita thelathini, yenye madoa ya rangi. Akaeleza kitako, picha na fundi, jambo kwa jambo. "Mwenye tamaa ya maji angechezea nguzo ya kwao, zingepingana tukamjua siku hiyohiyo. Aliyefanya hivi aliaminiwa na pande zote mbili. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mwalimu alivua miwani.

"Mlisema mtajitoa," alimwambia Mama Vitunguu. "Miaka kumi na tisa ya kuwabembeleza, na wenzetu wa maziwa manne wako njiani. Nilitaka mwaka mmoja tu usio na ugomvi. Nikadhani mvua itanyesha, maji yatapanda, nipake upya baada ya saini. Nilidhani ndege watavumilia rula moja."

"Na Nusu?" Sajini aliuliza. Sauti ilimtetemeka na hakuificha. "Ulikuwa tayari yeye abebe lawama?"

Mwalimu alimtazama mzee, akashindwa, akainamisha kichwa. "Nilikuwa tayari. Hilo ndilo baya kuliko yote."

Mama Vitunguu alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Watu wa Chini wakatazamana: basi, wanajitoa. Lakini yeye alitoa simu.

"Funga lango," aliiambia simu. "Ndiyo, sasa hivi, na kufuli ulitie." Kisha akamgeukia Mwalimu, macho yamejaa. "Ungetuambia maji ni thelathini na nane, tungefoka, tungekutukana, halafu tungefunga. Mwaka jana si tulifunga? Hukutuuliza, Mwalimu. Ulituhesabia jibu."

Mwenyekiti wa Chini alimfuata Nusu akamvalisha kofia yake kwa mikono yake mwenyewe, akisema samahani baba, samahani sana. Mzee alidai daftari lake kwanza. Alikwenda ukurasa wa jana, akapiga mstari, akaandika upya: thelathini na nane na nusu.

Sajini alimsindikiza Mwalimu hadi kwenye gari. Hakumfunga pingu. Mlangoni pa gari Mwalimu alisita, kama alivyokuwa akisita zamani kabla ya kusahihisha daftari.

"Vimebaki viota vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Umehesabu mara mbili?"

"Mara tatu, Mwalimu," alisema Sajini. "Ulivyonifundisha."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaingia, na Sajini akaufunga mlango.