Bolti Mbili za Kalamba

Kompyuta ya Mbinya iliwaka Jumapili adhuhuri, na waya wake ulikuwa umechomolewa ukutani.

Ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, Kitui mjini. Mbinya alipiga hesabu za majengo. Mumewe, Nzioka, aliyajenga. Siku hiyo ukumbi mpya wa kanisa ulikuwa unafunguliwa kule Kalamba, na mama yake Mbinya alikuwa ndani na kwaya. Nzioka hakwenda. Alisema gari limeharibika. Fundi gani hukosa kiti cha mbele siku ya kufungua jumba lake?

Kwenye kioo cha kompyuta ulisimama ukumbi ule, mistari mitupu. Mbinya alikuwa ameiambia programu kwamba boriti kuu imefungwa kwenye nguzo kwa bolti nane, isicheze hata kidogo. Sasa kiungo kilionyesha bolti mbili, na boriti ilikuwa imepinda. Alirekebisha, ikapinda tena, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na chuma kikaanza kulia mahali pasipo na chuma, kwanza ukutani, kisha chini ya meza, kisha nyuma ya shingo yake, mpaka akamwita jirani yao, Mzee Shee, muuza manukato aliyejua kusomea majini.

Mzee alifungua kitabu chake, akasoma kwa sauti ya chini. Sauti ikamjibu kutoka kwenye mashine, taratibu, ya mtu aliyechoka kubeba mzigo.

"Nimeshika boriti Kalamba. Nikiachilia, wote wako chini."

"Nani alikuweka?" Mzee Shee aliuliza.

"Mume wa huyu. Alinipa leso ya mkewe."

Mbinya aliikumbuka leso yake iliyopotea kwenye kamba ya nguo. Alikuwa amemlaumu msichana wa kazi.

"Baba Nthenya," alimnong'onezea mumewe aliyesimama mlangoni, "ni kweli?"

Nzioka alitazama sakafu. "Zile bolti zingine niliuza. Mganga wa Kanyangi akaniambia hii kitu itashika tu. Sikujua itakuja hapa kwa nyumba."

"Ukapeana mimi."

"Ilitaka mtu wa karibu."

"Na wewe mwenyewe ulikuwa mbali?"

Mbinya aliona uchungu kuliko hofu. Miaka yote hiyo amelala kando ya mtu huyu.

"Mama," Mzee Shee alisema, "nikimaliza kusoma, atatoka. Lakini akitoka hapa, ataachilia kule."

Kalamba hakukuwa na mtandao wa simu. Kwaya ilikuwa inaimba.

"Funika kitabu, mzee. Watu watoke kwanza."

"Basi nipewe changu," ilisema sauti.

Boriti ikanyooka kwenye kioo. Ile harufu ikasogea hadi kwenye kiti cha Mbinya, na kitu baridi kikamshika kifundo cha mkono, kikakaza.

Nzioka alichukua funguo mezani, akatoka bila kuaga. Huko nje, gari alilosema limeharibika liliwaka mara moja.