Kituo cha Machimbo Chaomba Mgao

Saa saba na dakika tano mchana, jua likiwa utosini, taa ya kituo cha machimbo iliwaka kijani kwenye skrini kubwa ya ofisi. Kasoro ilikuwa moja tu: kituo hicho hakikuwepo. Miaka mitatu nyuma, mlima ulipowafukia wachimbaji, fundi waliyemwita Masafa alipanda mwenyewe, akang'oa dishi, akang'oa na modemu, akashuka navyo mgongoni. Kiuno hakijamsamehe hadi leo.

"Mzee, marehemu wanaperuzi," Kibonge, mwenzake wa zamu, alimtania, mdomo umejaa biskuti.

Masafa hakucheka. Alikuwa na ule uchovu usiooshwa na usingizi. "Achana nayo. Hata mashine huota."

Vituo vyote vya mbali, zahanati, shule na migodi, vilikula sinia moja: njia moja ya angani kupitia setilaiti. Kituo chenye kazi huomba, mtambo wa ofisini ukakipanulia mgao wa njia hiyo. Kikinyamaza, hupokonywa tonge akapewa mwenye njaa. Mtambo haujui mtu, unajua namba. Na namba ya machimbo haikufutwa, kwa sababu kufuta kulitaka fomu nne, na nani ana nguvu hizo?

Wazee wa chini ya mlima walikwisha kusema kule kuna wenyewe wasioonekana. Watu wa ofisi wakawacheka, wakawapandishia dishi kichwani. Haya, jini akishaonja mtandao, nani wa kumwachisha ziwa?

Siku ya pili kiliomba zaidi. Siku ya tatu, saa ile ile, kikaomba mgao wote.

Simu ikalia. Alikuwa binti yake Masafa, mkunga wa zahanati ya mbali kusikofika gari. Alinong'ona.

"Shikamoo, Baba. Nina mzazi hapa, mtoto amekaa vibaya. Daktari alikuwa ananielekeza kwenye skrini, sasa ameganda, mdomo wazi. Tutampoteza huyu mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikate."

"Baba... kuna mtu kwenye laini. Anapumua."

"Mawimbi hayo."

"Mawimbi hayakohoi, Baba."

Masafa akaingia kwenye modemu ya machimbo kutoka pale alipoketi, kama aingiavyo kituo chochote cha mbali, lakini safari hii hakuulizwa nywila. Mlango ulikuwa wazi, kama wa mtu anayengoja mgeni. Akasoma: umeme, sufuri; dishi, hakuna; joto la kifaa, nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa binadamu; na alipokuwa bado anaitazama namba hiyo harufu ya baruti na mawe mabichi ikamjaa puani, na spika zilizozimwa tangu asubuhi zikaanza kutoa mlio wa nyundo ikigonga jiwe, polepole, bila hasira, kama ya kibarua aliyegonga miaka mia na hakuambiwa apumzike, na kila ilipogonga mgao wa zahanati ukapungua, ukabaki uzi.

"Baba, fanya haraka," sauti ya binti yake ikakatika.

"Kifute!" Kibonge alinong'ona.

Lakini mtambo ule haufuti kituo chenye mgao. Huuliza kwanza: mgao uhamishiwe wapi? Na mafundi, kwa mazoea yao, mabaki yote huyatupia ofisini, wapate kutazama mpira bila kukwama. Vidole vya Masafa vilikwisha kuandika OFISI kabla kichwa hakijafikiri. Akabonyeza.

Nyundo ikanyamaza. Mgao wa zahanati ukapanuka.

"Daktari amerudi!" Binti alipiga kelele. Kisha ikawa kimya, maelekezo, kilio cha mama, kimya tena. Halafu sauti nyembamba, yenye hasira za kuzaliwa. "Baba! Unamsikia? Wote wazima!"

Masafa akaweka paji la uso juu ya meza, akalia bila sauti.

"Mzee," Kibonge alisema taratibu mno. "Ule mgao umeuhamishia wapi?"

Harufu ya baruti ilikuwa haijatoka. Kiti cha tatu, ambacho hakikuwa na mtu, kikalalama, na sponji yake ikabonyea kidogo kidogo chini ya makalio mazito.

"Mhamishe! Mtoe humu!"

Masafa akaitazama orodha. Vituo vingine vilikuwa vimejaa pomoni. Penye nafasi palikuwa mahali pamoja tu.

"Nimpeleke wapi? Kwa mwanangu?"

Kibonge alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Masafa akaondoa mikono kwenye kibodi, akavuta pumzi ndefu, na bila kugeuza shingo akasema, "Karibu. Ila zamu za hapa ni ndefu."

Kiti kikasogea karibu yake.