Alichokifuta Kizibo

"Kizibo ameketi. Kompyuta ya tatu, karibu na dirisha."

Sindano hakumjibu askari aliyenong'ona kwenye redio ya Motorola kutoka dukani. Alikuwa ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia. Darubini jichoni, bastola ya Glock kiunoni, hasira kooni.

Miezi minne alimwinda mtu huyu. Kizibo alijaza sumu ya kuyeyushia rangi kwenye chupa, akabandika lebo ya dawa ya homa ya watoto, akavusha mpaka. Chupa nzuri, lebo nzuri. Hata mimi na wewe tungenunua.

Sasa aliishiwa chupa. Akaja duka la intaneti kuziagiza mtandaoni, asijue muuzaji ni idara ya upelelezi ya kina Sindano. Ndani ya ukurasa wa kuagizia walificha kinasa. Kila atakachoandika, Sindano angekiona.

Alitaka kitu kimoja tu. Ghala liko wapi?

Saa kumi jioni malori ya Kizibo yanaondoka humo na sumu.

"Ongeza picha!" Mkuu wa idara akafoka redioni. "Rangi, mwendo wa kipanya, sekunde kwa sekunde. Nataka vyote!"

"Siongezi hata unyoya."

"Hiyo ni amri, Sindano!"

"Mara ya kwanza ulitaka vyote, Mkuu. Ukurasa ukawa mzito kama gunia la mawe. Mashine ikaganda, Kizibo akanusa, akatoweka. Mzigo ukapita. Dada yangu akamnywesha mwanawe vijiko viwili. Vijiko viwili, Mkuu! Unajua urefu wa lile kaburi? Mimi naujua. Nilisimama pale."

Mtaka yote hukosa yote. Sindano alijifunza hilo makaburini.

Kando yake Mama Pacha, fundi wa idara, aliinamia kompyuta ya Lenovo. "Mwache apige kelele, mdogo wangu. Kinasa nimekitoa mafuta yote, imebaki mishipa. Hakipigi picha ya ukurasa mzima, kinanakili kilichobadilika tu. Mashine ikipumua, ndipo kinatuma, kidogo kidogo."

"Na akishtuka?"

"Nitakula hii kibodi bila chumvi."

Kizibo akagonga herufi. Mara ile aligonga, akasubiri, akainuka akakimbia.

Safari hii herufi zilimfuata vidole.

Hakuinuka.

Kwenye Lenovo maneno yakaanza kutambaa. *Chupa elfu sita. Zishushwe kiwanda cha zamani cha sabuni, mlango wa nyuma.*

Kizibo akasita. Akatazama nyuma. Akafuta herufi moja moja, akaandika upya: *stendi ya malori.* Akatuma.

"Nimepata oda!" Mkuu akabweka. "Vikosi vyote, stendi ya malori!"

"Stendi hakuna kitu, Mkuu. Wewe unasoma alichotuma. Mimi nimesoma alichofuta. Kiwanda cha sabuni, mlango wa nyuma."

"Una hakika?"

"Mtu haoni haya kuuacha uongo wake. Anachofuta ni ukweli."

Mkuu akakubali shingo upande: "Vikosi vyote, kiwanda cha sabuni."

Sindano alishuka ngazi, akavuka barabara, akavuta kiti kando ya Kizibo. Akaweka mezani chupa ndogo na kijiko.

"Kunywa. Viwili tu."

Kizibo akaitambua lebo. Kiti chake kikarudi nyuma chenyewe.

"Wewe nani?"

"Mama mdogo wa mtoto mmoja. Mbona hunywi? Si dawa?"

Mkono wa Kizibo ukaingia kotini. Haukutoka na kitu. Glock ilishamgusa ubavuni, na pingu zikalia: kach, kach.

Motorola ikakohoa. "Tumeingia. Malori matatu, katoni mpaka darini. Hakuna lililoondoka."

"Kazi safi," Mkuu akasema, sauti imepoa. "Njoo uandike ripoti. Nataka kila kitu."

"Utapata mistari miwili."

Akazima redio, akamkabidhi Kizibo kwa askari aliyekuwa dukani. Nje, mbele ya duka la dawa, mama mmoja alikuwa anatikisa chupa, mtoto mgongoni analia.

"Dada, muhuri wa mfuniko umeukuta mzima?"

Mama akaigeuza chupa. Ulikuwa umekatwa tangu dukani.

Sindano akaichukua, akaimimina mtaroni yote, akamwelekeza hospitali. Akavaa miwani ya jua, akaenda zake bila kugeuka.