Joho la Malkia Evanthia

Joho lilianza kunuka siku ile uchungu ulipomshika Malkia Anthusa. Thekla, mtunza nguo wa chumba cha zambarau wanamozaliwa watoto wa wafalme, alilifua kwa siki, akalifukiza ubani, akalianika kwenye paa linalotazama mlango-bahari wa Bosfori. Likarudi na uvundo uleule wa konokono wa baharini waliooza, wale waliotoa rangi yake ya zambarau. Alitapikia kwenye beseni la fedha.

Lilikuwa la marehemu mama mkwe wa Anthusa, Evanthia, aliyemwendesha mwanawe mfalme kama mtoto wa kunyonya, asubuhi akiamuru watu wang'olewe macho, jioni akipiga magoti kanisani. Sasa desturi ilidai mjukuu aviringishwe humo. Asipoviringishwa, kiti cha enzi angekisikia tu kwa watu.

"Lisikilize," Thekla alimnong'oneza mtawa Nikon, aliyeitwa kuombea uzazi.

Ndani ya sanduku lililohifadhi joho kitu kililamba mbao, polepole, kwa ulimi mzito uliolowa.

Nikon alijiziba pua. "Ni jini la yule bibi, dada. Limebaki bila mwili, linatafuta mwingine. Lichome joho kabla mtoto hajatoka!"

Thekla alishalifikisha kwenye makaa Anthusa alipoinua kichwa kitandani.

"We Thekla! Unachoma nini?"

"Uchafu, bibi yangu. Nina kitani safi hapa, tumviringishe hiki."

"Kitani! Kwani nazaa mtoto wa mvuvi?"

"Bibi, kuna kitu ndani. Kinalamba."

"Nakisikia tangu asubuhi." Anthusa alihema, jasho likimtiririka. "Ndicho kilichompa Evanthia ufalme. Mimi hapa wananiita mchunga mbuzi. Lete."

Thekla alimtazama kwa kinyaa zaidi kuliko alivyolitazama joho. Alilipeleka.

Mtoto akatoka akilia, mzima, mwekundu, na Thekla hata hajamkata kitovu vizuri joho likajikunjua lenyewe, likatambaa juu ya shuka likiacha utelezi, likamzunguka miguu, kifua, shingo, huku Nikon akipaza sala kwa sauti inayokatika na mlinzi akishangilia mlangoni kwamba mrithi kazaliwa, mpaka kilio kikazimika ghafla.

Joho likalegea. Halikunuka tena.

Thekla aliinama kumsikiliza mtoto kama anapumua. Alipumua. Uvundo wote ulimtoka kinywani, na ulimi mdogo, mzito, ukamlamba Thekla shavu.

"Ananukia vizuri mwanangu?" Anthusa aliuliza, akitabasamu.

"Vizuri sana, malkia wangu," alijibu, akimeza matapishi.