Vitufe Vilivyoachwa Wazi

Wakili alitoka ofisini kwake na hati ya kiapo mkononi, akaitupa juu ya meza ya mpiga chapa wake.

"Cherehani, hii nini?"

Chini ya ukurasa wa kwanza, baada ya maneno ya mteja, palikuwa na neno moja: *toka*.

"Si mimi niliyeandika, mheshimiwa."

"Basi kaandika paka? Karatasi nyingine kama hii ukaniletea, utapumzika nyumbani moja kwa moja."

Jina la Cherehani alilipata kwa kasi ya vidole. Lakini miezi minne nyuma lango la chuma lilimbana mkono wa kushoto, na daktari akakata viwili, kidole cha mwisho na cha pete. Ili asipoteze kazi, mdogo wake, fundi wa kompyuta, aliipanga upya kibodi yake. A, S, W na wenzao wa pembeni kushoto wakahamia kulia, penye alama zisizotumika sana. Vitufe walivyohama vikaachwa vitupu. Ukivigonga, haviandiki kitu.

Mchana ule ule, mwenziwe wa meza ya pili akiwa ametoka kula, Cherehani alisikia *tik*. Kitufe cha zamani cha A kilizama, kikainuka. Akainua mikono yake yote miwili juu. *Tik. Tik-tik.* Harufu ya nywele zilizoungua ikamjia puani, na vile vitufe visivyo na herufi vikaanza kushuka kimoja baada ya kingine, haraka, kwa kasi yake mwenyewe ya zamani, na maneno yakatokea kwenye skrini herufi kwa herufi: TOKA KWENYE KITI CHANGU. Alipojaribu kuizima kompyuta kitu cha moto kilimdaka mkono wa kushoto, kikakishika kidole cha kati, kikakipinda nyuma polepole, kama mtu anayejaribu kijiti kama kimekauka, hadi kikalia na yeye akapiga ukelele uliomtoa wakili ofisini. Maandishi yalikuwa yamefutika yote isipokuwa mstari mmoja, nao ukafutika wakati anausoma: VIWILI VIMESHATOKA. NATAKA VILIVYOBAKI.

"Dada, hiyo ni programu imeharibika," mdogo wake alimwambia jioni, akimfunga kidole bandeji.

"Programu inavunja kidole?"

Mdogo mtu alikaza fundo la bandeji. Kesho yake alimletea kibodi mpya, akaipanga vile vile. Haikumaliza saa, harufu ikarudi.

Ndipo Cherehani alipokwenda kwa mganga, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyeunusa ule mkono kabla hata hajaambiwa shida.

"Nani aliyeviondolea kazi vitufe hivyo, mwanangu?"

"Mdogo wangu."

"Mlipaacha wazi, pakapata mwenyewe. Rudisheni kila herufi mahali pake, naye atatoka. Ila asirudishe yule aliyeondoa. Atahamia kwake. Tafuta mtu mwingine, hata kama itachukua siku."

Siku zenyewe hakuwa nazo. Wakili alitaka hati asubuhi. Njia nzima Cherehani alijisemea kuwa waganga hupenda kutisha watu. Alipofika nyumbani na mdogo wake akamuuliza, alijibu bila kumtazama:

"Kasema turudishe herufi tu."

"Basi?"

"Basi."

Wakaenda ofisini alfajiri. Mdogo mtu akakaa kwenye kiti, akafanya kazi akipiga mluzi. Alipogusa A, harufu ilipanda ghafla hadi Cherehani akaziba pua, kisha ikakatika. Ofisi ikawa kimya, kimya cha kawaida. "Tayari, dada. Kaa ujaribu." Akakaa. Herufi za pembeni alizigonga kwa kigutu, polepole, kwa maumivu, na machozi ya furaha yakamtoka.

Wiki tatu zikapita salama. Wakili akaacha kununa.

Jumapili moja walikuwa wakila pamoja. Mdogo mtu alikuwa akisimulia kisa cha mteja aliyemwagia kompyuta yake uji, anacheka, mkono wake wa kushoto umelala juu ya meza. Vidole viwili vya mkono ule, cha mwisho na cha pete, vikaanza kugonga mbao. Mwenyewe hakuviangalia. Cha mwisho kiligonga, kikagonga cha pete, kisha cha mwisho tena. Halafu mkono mzima ukajikokota kulia, vidole vikagonga, ukarudi, vikagonga mara mbili.

Cherehani alikuwa amepiga chapa miaka kumi na sita. Aliijua njia ya kila herufi bila kutazama, na neno lile alilisoma kabla halijaisha.

*Asante.*

"Dada," mdogo wake akauliza, "mbona huli?"